Jina la Mwenyezi Linakushinda?

Kama kuna watu ambao Eliona aliwadharau kutoka moyoni, bila hata kujisumbua kuficha, ni wale wanaogusa kitu kinachofanya kazi. Kitu kimetulia, hakijamwomba mtu msaada, halafu anatokea mjuaji mmoja kutoka Dar, amevaa kaptura mbele ya wazee, anatikisa kichwa na kusema, "Hii imeshapitwa na wakati." Kundi hilo lina watu wengi nchi hii. Mfalme wao, kwa hesabu za Eliona, alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, Jesse.

Jesse alipanda Machame kila Desemba kama Wachagga wengine wote, na kila Desemba alikuja na jambo. Mwaka mmoja alimletea baba yao taa zinazowaka ukipiga makofi, zikawa zinawaka kila wakipiga vigelegele kanisa la jirani na kuzimika mzee akikohoa. Mwaka mwingine aliamua ng'ombe wa maziwa asikilize muziki. Ng'ombe alisikiliza, na maziwa yakabaki yaleyale. Safari hii aliigusa seva.

Seva ile ilikuwa kazi ya Eliona. Ilikuwa kompyuta ya zamani, mojawapo ya zile zilizoletwa na Wakristo wa Ujerumani kuusaidia usharika, na usharika ulipoichoka Eliona aliiomba, akaipangusa vumbi, akaiweka kwenye kabati la sebuleni kwa baba yake. Yeye ndiye mtu wa kompyuta katika ofisi moja kule Moshi mjini, na hakuna aliyewahi kumwona akikosea, au walau hakuna aliyewahi kuthubutu kumwambia. Ndani ya mashine hiyo aliingiza kwaya nzima ya baba yake.

Mzee Efraimu alikuwa mwalimu wa kwaya tangu enzi za kaseti. Sasa presha ya macho ilikuwa imemlia nuru, akabaki anaona vivuli na rangi, na kazi yake kubwa ikawa kusikiliza. Alikaa kwenye kiti chake karibu na kabati, akataja wimbo, na wimbo ukaja. Mama yao alikuwamo humo, sauti ya kwanza, akiwatangulia wenzake kidogo kama alivyokuwa akitangulia katika kila kitu hadi kaburini. Majirani nao walikuja na simu zao, wakaziunganisha na seva, wakakaa barazani kusikiliza watu wao. Mama Aikaeli, mjane wa ng'ambo ya mfongo wa maji, alikuja karibu kila alasiri. Binti yake Ruth aliimba sauti ya pili, akafariki akiwa bado msichana, na popote pengine duniani hakuna mtu aliyekuwa na sauti yake.

Kaseti zenyewe hazikuwapo tena. Eliona ndiye aliyesema zichomwe baada ya kuzihamisha, maana hapendi takataka ndani ya nyumba. "Baba, humu ndani kuna diski mbili pacha," alimwambia. "Kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye nyingine. Moja ikifa, mwenzake yupo. Hizi nyimbo hazipotei." Tena akaweka neno la siri, ili mwizi akiibeba mashine abebe chuma kitupu. Neno alilichagua mzee mwenyewe, akaliandika mwenyewe kwa kidole kimoja, uso umekaribia kugusa kibodi: Mwenyezi. Tangu hapo kila umeme ulipokatika na kurudi, mzee aliwasha mashine, akaandika jina la Mungu, na kwaya ikafufuka.

Sasa Jesse.

"Dada, kuna shida ndogo," alisema kwenye simu, kwa ile sauti ya mtu aliyekwisha kuchoma nyumba na anaomba maji kidogo. "Nimeiapgredi ile seva ya baba. Ilikuwa na mfumo wa kizamani sana, sista. Sasa imegoma kuwaka. Inauliza paswedi, nikiandika inasema siyo."

"Nani alikutuma?"

"Nilitaka tu iwe freshi."

Eliona alikata simu bila kuaga. Aliwasha gari pale nyumbani kwake Shirimatunda, akaendesha hadi Machame akimtukana mdogo wake kwa sauti, kwa Kiswahili na Kichagga, kwa sababu lugha moja haikutosha. Si kwamba aliogopa. Alijua mashine haijafa. Kilichomuudhi ni ujinga wenyewe, jinsi ulivyojiamini na kutembea kifua mbele, na jinsi baba yao alivyoupokea kila Desemba kwa kicheko na kuuita uchangamfu. Yeye aliyekuja kila wiki na dawa za macho aliambiwa asante. Jesse aliyekuja mara moja kwa mwaka na taa za makofi alichinjiwa mbuzi. Hilo lilimuuma Eliona kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele ya mtu yeyote.

Aliwakuta sebuleni, mzee kwenye kiti chake na Jesse amesimama mbele ya kabati.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umepanda na jua hili?"

"Nitafanyaje, na hapa kuna fundi." Akamgeukia Jesse. "Sogea."

"Dada, ngoja nikueleze kwanza. Katikati ya apgredi iliniuliza maswali, kuna lugha, kuna kibodi, mimi nika..."

"Nimekuuliza?"

"Hapana, ila labda ndiyo maana..."

"Jesse. Sogea."

Jesse akasogea. Eliona aliketi, akaweka vidole kwenye kibodi kama walivyofundishwa chuoni enzi zile, mwalimu akiwafunika mikono kwa kitambaa mpaka vidole vijue njia vyenyewe. Hakutazama chini. Alimtazama Jesse usoni muda wote alipokuwa akiandika, ili fedheha imfikie vizuri. Akabonyeza. Kioo kikafikiri kidogo, maandishi yakaanza kuteremka, na baada ya muda taa ya kijani ikawaka kwenye kabati.

"Em, we, e, en, ye, e, ze, i," alisema Eliona taratibu, kama anayesomesha chekechea. "Mwenyezi. Umezaliwa kwenye nyumba ya kanisa, umebatizwa, umepata kipaimara, na jina la Mwenyezi linakushinda kuliandika?"

"Niliandika hivyohivyo, dada. Naapa."

"Usiape. Hata jina unaloapa kwalo huliwezi."

Mzee Efraimu alicheka, kisha akajizuia. "Mwache mwenzako. Aliandika mara nyingi, nilikuwa namsikia."

"Baba, kukosea mara nyingi siyo kupatia."

Hakutafuta zaidi. Mtu mwingine angejiuliza: kwa nini ilimkatalia huyu na kunikubali mimi? Angeomba aandike tena, angemtazama mikono. Lakini Eliona alikwisha kuwa na jibu, tena jibu tamu, nalo lilikuwa limesimama mbele yake limevaa kaptura. Alikula machalari ya ndizi na nyama aliyopikiwa, akawasimulia wageni wa jirani mkasa mzima, akaigiza hata sauti ya Jesse. Watu walicheka. Mama Aikaeli peke yake hakucheka. Alisema, "Mungu asifiwe zimerudi," akaenda kukaa barazani na simu yake sikioni. Jesse alitoka nje akamkatia ng'ombe majani.

"Kazi hiyo ndiyo saizi yako," Eliona alimpigia kelele kupitia dirishani.

Krismasi ikapita. Usharika ulipanga kwamba Jumamosi kabla ya Mwaka Mpya, wana kwaya wa zamani waliobaki na watoto wa wale waliotangulia wakusanyike kwa Mzee Efraimu, wale pamoja, wazisikilize nyimbo zote tangu mwanzo. Mzee hakuwa na habari nyingine mdomoni. Alipanga nani akae wapi, kwa sauti zao, kama vile wote wangekuja, wazima na wafu.

Katikati ya wiki mvua ya upepo iliangusha mgomba juu ya waya za umeme. Eliona alikuwa ofisini, ameshakorofishwa na bosi asiyejua tofauti ya kioo na kompyuta, simu ilipoita.

"Dada, umeme umerudi ila seva imegoma tena. Ileile. Paswedi."

"Andika Mwenyezi."

"Nimeandika."

"Ulivyofundishwa?"

"Herufi moja moja, natazama kabisa ninachobonyeza. Hata baba amejaribu mwenyewe. Imemkatalia na yeye."

Hapo palikuwa na mlango wa pili wa kuingilia akili, na Eliona aliupita pia. Baba haoni, alijisemea. Kipofu na mjinga wameketi mbele ya mashine yangu.

"Sasa tufanyeje?" Jesse aliuliza. "Watu wanakuja Jumamosi. Unaweza kupanda kesho?"

"Mimi nina kazi, Jesse. Siyo kila mtu yuko likizo ya kuharibu." Bosi alikuwa akimpungia mkono kutoka mlangoni, na Lucky, kijana wa meza ya pili, alikuwa ameacha kazi ili asikilize. Eliona alipenda kusikilizwa. "Sikiliza. Kama jina la Mwenyezi linakushinda, basi futa kila kitu uanze upya. Si ndiyo utaalamu wenu huko Dar? Kufuta!"

Jesse akalirudia neno.

"Nifute?"

"Futa, futa! Utafanya nini kingine?"

Akakata simu. Lucky alicheka mpaka akashika meza, na Eliona akairudia ile sentensi kwa ajili yake, na baadaye kantini akairudia tena kwa wengine, kila mara akiiongezea chumvi kidogo. Aliamua atapanda Jumamosi asubuhi mapema, aandike neno moja, afungue, na mbele ya kwaya nzima ijulikane nyumba ile inasimama kwa nguvu za nani. Aliiona picha yenyewe kabisa. Hata gauni alilichagua.

Jumamosi alifika akakuta viti vimepangwa uani, sufuria ziko motoni, na sebule inameremeta. Jesse alikuwa mbele ya kompyuta akiandika kitu. Kioo hakikuwa kile cheusi cha maandishi. Kilikuwa na picha ya mlima na rangi za kuvutia.

"Karibu dada. Imekaa freshi sasa, cheki inavyokimbia," alisema Jesse, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri kupongezwa baada ya muda mrefu. "Nimefanya kama ulivyosema. Sasa tunakusubiri wewe uzirudishe nyimbo."

Eliona hakuelewa. "Nizirudishe kutoka wapi?"

"Kwenye zile pacha. Ulisema moja ikifa, mwenzake yupo."

"Ulifuta diski ipi?"

"Iliuliza ipi, nikachagua zote. Si ulisema kila kitu?"

Eliona aliushika mlango wa kabati. Pacha ni pacha hadi kwenye kufa, na hilo hakuwa amemfafanulia mtu kwa sababu hakudhani kuna mtu pale wa kufafanuliwa.

"Mjinga wewe!" alipiga kelele. "Mpumbavu! Nani anafuta kwa kuambiwa vile? Ule ulikuwa utani! Mtu mwenye akili zake anajua ule ni utani!"

"Eliona," alisema Mzee Efraimu kutoka kwenye kiti chake.

"Baba, amefuta kwaya! Amemfuta mama!"

"Nilimwambia mimi afute." Sauti ya mzee ilikuwa ya chini. "Yeye alikataa. Alisema tukusubiri. Tulikusikia wote kwenye simu, ilikuwa kwenye spika. Nikamwambia, dada yako ndiye anayejua. Eliona akisema futa, ana sababu. Yeye hatuchezei."

Ilimwingia polepole. Miaka yote ile alikuwa akimpigania baba yake amwamini, na kumbe mzee alikwisha kumwamini, kiasi cha kumkabidhi mke wake kwa neno moja la kejeli. Eliona alitafuta hasira yake aishike, maana bila hasira angeanguka. Akaipata kwenye kioo. Jesse alikuwa ameanza kuandika tangazo la kubandika mlangoni kwa ajili ya wageni, na maandishi yalikuwa makubwa, meusi:

*Ndugu yangu wapendwa, karibuni. Nzimbo yetu...*

"Na hiki nacho ni nini?" alisema. "Ndugu yangu wapendwa? Nzimbo? Umesoma mpaka chuo na hujui kuandika *nyimbo*?"

"Siyo mimi, ni hii kibodi," Jesse alijibu kwa unyonge. "Nimeigundua jana. Angalia." Alinyoosha kidole, akakibonyeza kitufe kilichoandikwa wazi Z. Kwenye kioo ikatokea Y. Akabonyeza Y. Ikatokea Z. "Imepishana. Kwenye paswedi huoni, inaleta vinyota tu. Ni mbovu, nilitaka kukwambia tununue nyingine."

Kibodi haikuwa mbovu hata kidogo. Ilikuwa ya Kijerumani. Wajerumani huiweka Z pale ambapo wengine huiweka Y, na Y pale pa Z, na Eliona alilijua hilo kuliko mtu yeyote Kilimanjaro, kwa sababu siku ya kwanza kabisa yeye ndiye aliyeiambia mashine kwamba kibodi hii ni ya Kijerumani. Apgredi ilipouliza, Jesse alichagua Kiingereza, na alipofuta akakichagua tena. Kuanzia hapo kila aliyetazama kibodi na kubonyeza herufi sahihi alikataliwa. Aliyefunguliwa ni yule asiyetazama, ambaye vidole vyake vilikwenda mahali vilipozoea.

"Andika Mwenyezi," alimwambia Jesse.

"Dada, acha bwana."

"Andika. Tafadhali."

Jesse akaandika, kidole kimoja, herufi kwa herufi, akizitazama. Kwenye kioo ikasomeka *Mwenzeyi*.

"Kuna nini?" aliuliza mzee.

Eliona alimweleza. Alieleza vizuri, hatua kwa hatua, kama anavyoeleza kazini, na kila hatua ilimuumiza. Alipomaliza, mzee alitembeza vidole vyake juu ya goti.

"Kwa hiyo Jesse alikuwa anaandika sawa," alisema.

"Alikuwa anaandika sawa, baba."

"Na mimi niliandika sawa."

"Ndiyo."

"Na zilikuwamo humo ndani, nzima kabisa, mpaka Jumatano."

Eliona aliitikia kwa kichwa, kisha akakumbuka kwamba baba yake haoni, ikabidi aseme. "Zilikuwamo."

Uani zilisikika sauti za kubisha hodi. Alikuwa Mama Aikaeli, wa kwanza kufika, amevaa kitenge kipya na kilemba cha kanisani, ameshika simu yake mkononi tayari. Wote wawili wakamwamkia. Aliitikia huku akitazama kabati.

"Nimewahi ili nikae karibu," alisema. "Leo nataka nimsikie Ruth tangu ule wimbo wa kwanza. Ziko tayari?"

Jesse alisimama. Alikuwa mkubwa kwa umbo lakini alisimama kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. "Mama, utusamehe. Hazipo tena. Nimeziharibu mimi. Niliigusa mashine bila kujua."

Mama Aikaeli aliitazama simu yake, akamtazama Jesse, akaitazama simu tena. Hakulia. Alimshika Jesse mkono, akaupigapiga polepole. "Ni bahati mbaya, mwanangu. Hukujua. Asiyejua tutamlaumu nini?"

Njia ilikuwa wazi. Hakuna mtu Machame nzima ambaye angeshangaa kusikia Jesse kaharibu kitu, na Jesse mwenyewe alikuwa amekwisha kuubeba mzigo na kujitwika. Mzee Efraimu alikuwa ameugeuzia uso upande aliposimama binti yake, macho yake meupe yamekaza, anasubiri kwa masikio.

"Siyo yeye, mama," alisema Eliona. "Ni mimi niliyemwambia afute."

"Wewe?" Mama Aikaeli aligeuka, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda. "Wewe Eliona? Si wewe ndiye unayejua?"